Sahani Iliyovutwa Nyuma

Sahani ya halua ilikuwa imebakiza shibiri moja kufika mbele ya Mzee Muhsin, ndipo mkono wa Zuena ukairudisha nyuma.

Hakuutuma mkono ule. Angepewa nafasi ya kumeza mate tu, angeiweka sahani mahali pake, akainamisha kichwa kama alivyoelekezwa na mama yake, akarudi jikoni akiwa mchumba wa mtu. Lakini mkono wa daktari una kichaa chake. Ulivuta ile sahani ukampelekea mgeni wa pili, na mbele ya Mzee Muhsin ukaweka glasi ya maji. Maji matupu, siku ya posa.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri, nyumbani kwa Mzee Faraji, baba yake Zuena, fundi cherehani wa siku nyingi pale Tandika. Wageni sita walikuwa wametoka Buguruni kwa magari mawili. Kwa desturi baba wa kijana hutuma washenga, yeye akabaki kwake kungoja jibu. Mzee Muhsin, ambaye ukoo wake wa Kiarabu umeuza vyombo Buguruni tangu zama za babu yake, alisema Aiman ni kifunguamimba wake, posa ataifuata mwenyewe. Heshima hiyo Bi Zubeda, mama yake Zuena, alishaisimulia mtaa mzima.

Na aliyeomba bibi harusi mwenyewe alete halua ni Bi Jokha, dada yake Mzee Muhsin, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. Alisema mkono wa binti wanausikia kwa sindano, sasa waje wauone kwa sahani. Watu walicheka. Sasa hakuna aliyecheka.

“Mwanangu,” Bi Jokha akasema taratibu, “umemruka mtu. Na uliyemruka ndiye mwenye shughuli.”

Zuena alisema samahani. Wote wakangoja alitengeneze jambo, maana ilikuwa kunyoosha mkono tu. Nyuma ya pazia la jikoni mama yake alikuwa anamwambia kwa macho, rudisha, rudisha. Zuena akabaki na sinia lake mikononi. Alikuwa amemtambua yule mzee.

Alhamisi, siku tatu nyuma, mzee huyu alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza yake, katika kituo cha afya Tandale. Jina alilotoa ni Salumu Mbwana, makazi Sinza, kazi ulinzi. Alilalamika kiu na macho kuona ukungu. Kipimo cha sukari kikasoma ishirini na sita, kiasi ambacho hata aliyetoka kula pilau na soda hakikaribii akiwa mzima. Zuena ana tabia moja ambayo wenzake humcheka nayo: mgonjwa wa sukari hamwandikii dawa mpaka amemvua viatu. Hupiga magoti sakafuni, akakagua kidole kimoja kimoja, na foleni nje ikinung'unika. Alipoivua soksi ya kushoto ya mzee yule alikuta kati ya vidole viwili vya mwisho kidonda kinachonuka, na ndani ya kidonda, msumari mdogo wa kiatu. Mwenyewe alikuwa hajui. Mguu ulishakufa ganzi.

Alimwandikia barua ya rufaa. Akamwambia kulazwa ni leo, tena sasa hivi. Mzee alimshukuru sana, akasema anatoka kumpigia mwanawe simu, akaenda moja kwa moja. Namba aliyoiacha haikuwa ya mtu yeyote. Zuena aliijaribu mara saba, na Ijumaa nzima macho yake yalikuwa mlangoni.

Sasa huyu hapa, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi. Kilichomjia Zuena kwanza kilikuwa furaha: yu hai. Ilidumu mpaka alipoelewa mzee amekaa kwenye kiti cha nani. Picha aliyoonyeshwa na Aiman ilikuwa ya miaka kumi nyuma, ya mtu mnene mwenye ndevu nyeusi. Huyu alikuwa amekwisha, amebaki mifupa na mvi.

Naye mzee siku ile alimwona daktari aliyevaa barakoa. Lakini alipoinua uso kutazama ni nani amemnyima halua, alikutana na macho yale yale yaliyomwangalia kutoka sakafuni, na Zuena akaona uso ukimpauka. Halafu akaona akili ikimrudi, akili ya mtu aliyeuza na kununua miaka arobaini.

“Mwacheni,” Mzee Muhsin akasema, akishika bakora yake. “Nimeishi, lakini sijapata kuvutiwa sahani mbele ya watu. Ujumbe nimeupata.”

Akasimama. Alitembea polepole na kwa madaha, na watu waliona hasira. Ni Zuena peke yake aliyeona kuchechemea kunakofichwa. Mzee Faraji alimfuata hadi getini akiomba radhi, binti anachoka, kazi za hospitali hizi. Bi Jokha alikuwa ameshairudisha pete ya uchumba kwenye mkoba wake.

“Tulimwambia Aiman,” akasema akivaa viatu kizingitini. “Mke daktari, nyumba yake wodi. Lakini jamani, hata wodini mtu hanyimwi chakula.”

Magari yakaondoka. Bi Zubeda alirudisha halua kwenye kikapu chake kipande kwa kipande, analia, anauliza kama mwanawe amerogwa au amependa mtu mwingine. Mzee Faraji aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna jambo Zuena analijua na wao hawalijui. Zuena akajibu, “Baba, usiniulize,” na baba yake akaenda kukunja majamvi.

Sentensi moja ingemaliza kila kitu. Mzee ana sukari, mguu unaoza. Angeisema mbele ya watu wale angegeuka kutoka mwehu hadi shujaa, na Bi Jokha angembusu mkono. Jioni ile aliiona sentensi hiyo ikimkaa mdomoni, tamu kuliko halua yenyewe, na kila ilipofika kwenye meno aliirudisha.

*

Aiman alikuja Jumatatu jioni. Hakuja Tandika, alikuja Tandale, akamngojea nje ya ukuta wa kituo, pale wapagazi wa sokoni hupumzika wakishamaliza kushusha viazi. Hapo hapo ndipo walipojuana mwaka juzi. Alikuwa amemleta mpagazi aliyeangukiwa na furushi la masinia yake, akasimama kichwani kwa daktari akitoa maelekezo, mpaka daktari bila kumtazama akamwambia, kaka, ama unishikie taa ama utoke. Alishika taa. Alisema baadaye kwamba ilimchukua nyuzi tisa kumpenda.

Leo hakuwa amenyoa. Alianza vizuri, kwa upole, akisema amepanga maneno tangu asubuhi na yote yamempotea.

“Niambie tu kwa nini.”

“Mkono uliteleza.”

“Mkono wako hautelezi, Zuena. Nimekuona ukishona mtu.”

Alimuuliza kama baba yake alimkosea neno. Hapana. Shangazi? Hapana. Basi labda hamtaki, na aseme tu, yeye si mtoto.

“Nakutaka mpaka naona haya,” Zuena akasema.

Hilo lilimpiga Aiman pasipo kutegemea. Alisogea, akakumbuka wapo njiani, akarudi nyuma hatua moja. Macho yake yalikuwa na wekundu wa mtu ambaye hajalala.

“Sikiliza basi nilivyofanya. Nilikutafutia udhuru. Nikasema huyu ni daktari, pengine kamwona mzee ana kitu, sukari au nini, ndiyo maana kamkinga na halua. Nikamwendea baba chumbani kwake, nikamuuliza usoni. Akaniapia. Kapimwa mwezi uliopita hospitali kubwa, akaambiwa mwili wake ni wa kijana. Hana sukari, hana presha, hana chochote. Baba yangu haapiagi ovyo.” Akamkazia macho. “Au kuna kitu?”

Zuena aligeuza uso, akajifanya anaangalia magunia. Hakuwa na uhakika uso wake unasema nini. Mtu anayempenda alikuwa amefika mwenyewe mpaka mlangoni pa ukweli, ameweka mkono kwenye kitasa, anaomba tu mtu wa ndani akohoe. Na yeye hata kukohoa haruhusiwi.

“Sitasema neno juu ya baba yako,” akasema. “Wala la kuwa anaumwa, wala la kuwa haumwi.”

“Hilo ni jibu gani?”

“Ndilo ninaloweza.”

“Huwezi, au hutaki?”

“Siwezi. Wale wote wanaokaa kile kiti, Aiman, wananivulia nguo, wananiambia mambo hawajawahi kuwaambia wake zao. Mie siulizwi na mtu nimesikia nini humo ndani. Si na baba yangu, si na wewe. Hata siku nikiwa mkeo.”

Alisema hivyo akidhani anaeleza. Aiman alisikia mlango unafungwa. Sauti yake ikapanda kidogo, akasema basi ndiyo hayo, kwake yeye kuna ndugu, kuna posa, kuna baba kavunjiwa heshima, na kwake Zuena kuna kile kiti. Alisema shangazi yake amekuwa akisema siku zote kuwa daktari mwanamke hujiona, na yeye amekuwa akimkatalia. Kisha akasema polepole zaidi kwamba Bi Jokha ameshataja jina la Reem, binti wa jamaa zao wa Sinza. Alhamisi wanakwenda.

“Na wewe?” Zuena akauliza.

“Mie nilikuja hapa nipate neno la kuwazuia nalo.”

Alingoja. Mpagazi mmoja akamwita dokta, akamsalimu, akapita. Zuena alifungua mdomo, akaufunga. Aiman akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu, akaondoka bila kugeuka, na Zuena akasimama pale mpaka mlinzi alipomuuliza kama amesahau kitu.

*

Jumanne asubuhi, kabla foleni haijaanza kusogea, alimfuata Daktari Kamugisha kwenye chumba cha dawa. Huyu ni Mhaya mrefu, kichwa chote mvi, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na ndiye aliyemfundisha Zuena kuanza na miguu. Zuena alimweleza bila majina. Kuna mgonjwa ametoroka. Amemwona mahali. Nyumbani kwake amesema yeye mzima. Akiendelea kunyamaza atakufa, akisema ameivunja siri ya mtu.

“Umeshaongea naye?” Kamugisha akauliza.

“Naye nani?”

“Mgonjwa. Unanitajia ndugu, unanitajia watu wa nyumbani. Ugonjwa ni wa nani? Mfuate mwenyewe.”

Zuena akaona aibu. Ni kweli, siku mbili hizi alikuwa amemlilia Aiman, amejililia mwenyewe, na ule mguu ulikuwa unaendelea kuoza Buguruni bila mtu wa kuulilia. Alimuuliza mzee Kamugisha, kwa vile roho ilikuwa imemjaa, kama kazi hii imewahi kumtosheleza. Kamugisha aliendelea kuhesabu vidonge, akasema wapo waliotosheka kwa kujenga, wapo kwa kwenda Ulaya, yeye nyumba yake ya Kimara mpaka leo haina dari.

“Mie nilitosheka siku watu walipoanza kuniletea uongo mdogo mdogo,” akasema. “Mkubwa wanauacha nje. Huyo wako kakupa jina la uongo, sivyo? Basi bado hakujui. Nenda akujue.”

Saa saba mchana Zuena aliaga, akatia pamba, bandeji, dawa ya kusafishia na glovu kwenye mkoba wake, akachukua bodaboda hadi Buguruni.

Duka la Mzee Muhsin limejaa masufuria, mabeseni na chupa za chai hadi darini. Yeye alikaa nyuma, kwenye kiti cha mbao, mguu wa kushoto umeegemezwa juu ya boksi na kufunikwa na kanzu. Alipomwona Zuena alimtuma Albano, muuzaji wake mtu mzima wa miaka mingi, akanywe chai. Udi ulikuwa unafuka kwenye chetezo, mwingi kuliko desturi. Zuena aliinusa ile harufu nyingine chini ya udi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Umekuja kunidai au kunitisha?”

“Nimekuja kutazama kidonda.”

Mzee akacheka kidogo bila furaha. Akasema yeye ni mtu wa biashara, waongee kibiashara. Hakumsema kwa mtu, ameliona hilo, na amelithamini. Basi Alhamisi Jokha hatakwenda Sinza. Atarudi Tandika na pete ile ile, na yeye Muhsin atatamka mbele ya wote kuwa ilikuwa bahati mbaya. Zuena aolewe, akae kwa raha. Na mambo ya hospitali yasitajwe tena, kwake wala kwa mwingine.

Zuena alisikia moyo wake ukiruka, kweli uliruka, na akauchukia kwa kuruka. Yote anayoyataka yalikuwa yamewekwa mbele yake.

“Siri yako sikuiuza, baba, na siiuzi,” akasema. “Hata ukimposea Aiman huyo Reem kesho, sitasema. Hilo ulikuwa nalo tangu Alhamisi iliyopita, bure. Mguu ni jambo lingine. Nionyeshe.”

“Na nikikataa?”

“Nitakaa hapa. Albano atarudi, wateja watakuja, mie nipo.”

Akaketi kwenye sufuria kubwa la pilau lililopinduliwa. Mzee alimtazama. Nje mtu alikuwa akipiga kelele za bei ya vitunguu. Yule mzee akaanza kuongea, tena na ukuta. Akasema kaka yake, Mungu amrehemu, walimkata kidole. Wakarudi wakamkata unyayo. Wakarudi wakamkata goti.

“Halafu wakampangia kiti barazani. Funguo za duka akapewa mwanawe. Watu wakipita wanamsalimia kwa sauti ya kumsalimia mtoto. Alikaa kile kiti miaka miwili, Zuena. Hakufa kwa sukari. Alikufa kwa kile kiti.” Akajifuta uso kwa kilemba. “Ndiyo maana nikaenda Tandale. Huko sina jina. Kwamba nawe uko huko, sikuambiwa.”

Zuena hakumwambia usiogope. Hajawahi kuona neno hilo likimsaidia mtu. Alimwambia tu kuwa amesikia, na kwamba hawezi kumwahidi mguu. Halafu akavaa glovu, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaipandisha kanzu.

Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Wekundu ulikuwa umepanda umevuka kifundo, ngozi imekaza, ina joto. Alibonyeza taratibu huku akimuuliza hapa unasikia, na hapa, na mzee akatikisa kichwa, na akatikisa tena, na kila alipotikisa Zuena alijua kisu kimepanda zaidi.

“Baba,” akaanza, “leo, kabla jua halijazama…”

“Zuena?”

Aiman alikuwa amesimama kati ya mabeseni, simu mkononi. Mkono wa Zuena, ule ule usiongoja ruhusa, uliishusha kanzu ikafunika mguu. Akazivua glovu chini ya kitambaa cha mtandio. Hakuinuka. Alitazama juu akakutana na macho ya mzee, na macho ya mzee yalikuwa yanamwomba, waziwazi, bila biashara yoyote ndani yake.

“Unafanya nini chini hapo?” Aiman akauliza.

“Nimekuja kuomba radhi,” Zuena akasema. “Kwa ile halua.”

“Kwa magoti?”

“Kwa magoti.”

Aiman alisimama akimtazama, na Zuena aliona kitu kikizimika usoni mwake, kitu ambacho hata jana kilikuwa bado kinawaka. Alisema jana alimwomba neno moja, moja tu, akamnyima huku kichwa kiko juu. Leo amekuja nyuma yake kumpigia baba yake magoti ili aolewe. Angeweza kumpenda mwenye kiburi, akasema, alishajizoesha. Huyu wa sakafuni hamjui.

“Ni kweli,” Zuena akasema. “Nenda, Aiman. Nikimaliza nitaondoka.”

Machozi yalikuwa yanadondoka yenyewe kwenye saruji. Aiman akageuka aondoke.

“Aiman,” Mzee Muhsin akasema. “Shusha mlango wa duka.”

“Baba, mie…”

“Shusha mlango, mwanangu. Halafu njoo hapa uone jinsi huyu mtoto alivyo mwongo.”

Na kwa mkono wake mwenyewe akaipandisha kanzu.

*

Hospitali ya rufaa walimpokea saa kumi. Zuena alimkabidhi kwa daktari wa upasuaji, akaeleza alichokiona, akajibu alichoulizwa, kisha akatoka, maana pale hakuwa na kiti cha daktari. Kwenye benchi la kungojea Bi Jokha alikuwa ameshafika na kanga mbili mabegani. Alimtazama Zuena kutoka juu mpaka chini, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, labda, akakosa la kusema. Akamsogezea chupa ya maji.

Aiman alikuja akaketi, ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba hajui aanze wapi, ana hasira na baba, ana hasira naye, na zaidi ana hasira na nafsi yake. Akasema angeweza kumpoteza baba yake kwa sababu ya ukimya wa mtu anayempenda.

“Ungeweza,” Zuena akasema.

“Na ungeniacha nikuone mbaya mpaka lini?”

“Sijui. Sikuwa nimefika huko.”

“Mtu anaishije na mke wa namna hiyo?”

Alikuwa anauliza kweli, na Zuena hakuwa na jibu la kweli, hivyo hakumpa la uongo. Miguu ya watu ilipita mbele yao, ya ndala, ya viatu, ya peku, na bila kutaka aliitazama yote.

“Wameniambia nisubiri tu,” Aiman akasema mwishowe. “Hawaniambii kitu. Wewe umeuona mguu. Umezungumza na yule daktari. Niambie, watakata nini?”

Angeweza kumwambia. Mzee alishaufungua mguu wake mwenyewe mbele ya mwanawe, nani angemlaumu? Lakini kuuonyesha mguu ni jambo moja, na aliyoyasikia ndani ya chumba kile kuhusu kesho ya mguu ule ni jambo lingine, na mwenye mguu alikuwa macho, ana akili zake, yuko nyuma ya mlango hatua kumi kutoka hapo.

“Muulize mwenyewe kama anataka ujue,” akasema.

Alisubiri asimame aondoke, kama jana. Aiman alimtazama kwa muda mrefu, shavu likimcheza. Bi Jokha naye alikuwa ameacha kutafuna tambuu yake. Kisha Aiman akasimama kweli, lakini akaelekea mlangoni, akagonga, akaingia.

Zuena alikaa na mikono mapajani. Dakika zilikuwa kama tano. Aiman alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na aliketi safari hii bila kuacha nafasi.

“Amesema uniambie,” akasema. “Amesema uniambie yote, usinipunguzie.”

Basi Zuena akamwambia. Akamwambia kuwa vidole vimekwisha, na unyayo pia, na kwamba wakiwa na bahati watakata chini ya goti, wakikosa bahati, juu yake. Akamwambia kuna siku tatu za hatari, akamtajia moja moja, na dalili za kila siku. Akamwambia kuwa baba yake haogopi kisu, anaogopa kukaa barazani bila funguo, na kwamba hilo daktari yeyote hawezi kulitibu, ni yeye Aiman atakayelitibu. Alisema yote kwa sauti ya kawaida, kama anavyowaambia watu wa Tandale, na Aiman alilia anasikiliza, hakumkatiza, mpaka muuguzi alipotoka na fomu, akauliza ni nani hapa atakayeweka sahihi chini ya ile ya mzee.